Siku Kompyuta Zetu Tatu Zilipogoma

Kila asubuhi nafika dukani kabla ya saa mbili. Dada yangu Victoire anafungua kufuli, mimi nafagia. Duka letu liko mtaa wa Namuwongo, hatua chache kutoka reli. Treni ya mizigo ikipita, meza zinatetemeka na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye kibodi. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kompyuta, nazifuta kwa kitambaa kikavu, moja baada ya nyingine.

Ni tatu tu. Shemeji yangu Valère, mume wa Victoire, alizinunua zikiwa zimetumika. Tunachapa barua, tunaskani vyeti, tunapiga fotokopi. Wateja wetu wengi ni Wakongo kama sisi. Walikimbia vita na karatasi zilizokunjwa mara nne ndani ya soksi. Tunaziskani, tunaziweka ndani ya kompyuta, kila mtu na faili lake.

"Karatasi inalowa," Valère huwaambia. "Kompyuta hailowi."

Alhamisi moja niliwasha ya kwanza. Kisanduku kidogo kikatokea kwenye kona. Kilitoka kwenye programu ya ulinzi, ile inayozuia virusi. Kilisema apdeti ya usalama, yaani marekebisho mapya ya programu, imeingia, na kompyuta inatakiwa izimwe na iwashwe upya. Chini palikuwa na sehemu mbili za kubonyeza: ndiyo, au baadaye.

Mimi nikiulizwa jambo la usalama, najibu ndiyo. Tulipita vizuizi vingi njiani kutoka Kongo. Mwenye kulinda akisema toa, unatoa. Akisema keti, unaketi. Anayeuliza kwa nini, huyo tunamwacha nyuma. Basi nikabonyeza ndiyo. Sikungoja nione itakavyokuwa. Nikaenda ya pili, ndiyo. Ya tatu, ndiyo.

Kompyuta ya kwanza ikazima, ikawaka. Kioo kikawa bluu kitupu, na maneno meupe ya Kiingereza. Ikazima yenyewe. Ikawaka. Bluu tena. Nikageuka. Ya pili bluu. Ya tatu bluu.

Valère akaingia na chupa ya chai. "Nini hii?"

"Umeme," nikasema. "Ulikatika, ukarudi na nguvu."

Victoire alikuwa mlangoni. Akatazama taa ya dukani, ambayo haikuzimika hata mara moja. Akanitazama mimi.

Kwa nini nilidanganya? Niliogopa. Kule tulikotoka, anayesema "ni mimi" ndiye anayepigwa.

Nilichukua bahasha kuukuu na kalamu. Nikanakili yale maneno meupe, herufi kwa herufi, hata yale nisiyoyaelewa. Nikaandika na saa. Mikono ilitaka kazi.

Saa nne akaja mzee Mushagalusa kutoka mtaa wa Bwaise. Viatu vyake vilikuwa na tope. Alivua kofia kama kawaida yake.

"Binti yangu, nimekuja kuchukua ile karatasi ya watoto."

Nilijua ni karatasi gani. Binti yake aliuawa pamoja na mumewe. Wajukuu watatu walibaki kwake, na mahakama ya kwao ilimwandikia karatasi kwamba yeye ndiye mlezi. Mafuriko ya Bwaise yaliingia chumbani kwake, yakaondoka na sanduku. Karatasi ile sasa ilikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta yetu ya pili.

"Kesho saa tatu wananiita ofisi ya wakimbizi," akasema. "Mimi na watoto. Afisa alisema nisipoleta ushahidi, watoto wataandikwa peke yao. Wanaweza kupelekwa kwa walezi wengine."

Yeye mwenyewe akaona vioo vitatu vya bluu.

Mteja mmoja, mama Rehemah, alikuwa anasubiri fotokopi. Akapiga makofi. "Zote tatu kwa pamoja? Hapo kuna mwizi wa mtandao ameingia!"

"Ameingia nani?" mzee akauliza. Sauti yake ilishuka mpaka ikawa mnong'ono. "Humo ndani kuna maelezo yangu yote. Nilitaja majina ya waliomuua mwanangu. Nilitaja na mtaa ninaoishi. Nani anayasoma sasa?"

Akageuka kutazama barabarani. Nami nikatazama. Watu walikuwa wanapita tu na mizigo yao, lakini kila mmoja nikamwona kama anatutafuta sisi.

Simu ya Valère ikalia. Alikuwa ameuliza kwenye kundi la wafanyabiashara. Mtu asiyemjua akamtumia ujumbe: *Kompyuta yako ni bluu? Piga namba hii. Andaa neno lako la siri.*

"Nipige?" akauliza.

"Baba Tresor," Victoire akamwambia mumewe, "mtu humjui, anataka ufunguo wa nyumba yako, na wewe unauliza kama utampa?"

Valère akaacha simu. Akavuka barabara, akarudi na Byron, fundi wa simu. Byron ni Mkenya, mcheshi, mikono haitulii.

"Ilianzaje?" Byron akauliza.

"Umeme," Valère akajibu.

"Aa, basi umeme umeharibu mfumo. Nafuta kila kitu, naweka upya. Masaa mawili, mashine inakimbia kama pikipiki mpya."

"Na mafaili?"

"Mafaili yanakufa, bosi. Lakini mashine inapona. Huwezi kula keki na bado uwe nayo kabatini."

Byron akachomeka flashi kwenye kompyuta ya pili. Akaanza na ile hasa! Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Maneno mapya yakatokea.

"Inauliza kama nina uhakika," akasema. "Nikikubali, hakuna kurudi."

Mzee Mushagalusa alikuwa ameketi kwenye benchi. Alishika kofia kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa inatajataja majina ya watoto, moja, mbili, tatu.

Kidole cha Byron kikashuka.

"Acha!" nikapiga kelele. "Toa mkono! Siyo umeme!"

Wote wakanigeukia.

"Ni mimi, shemeji. Programu ya ulinzi ilileta apdeti. Nikabonyeza ndiyo. Zote tatu. Hapohapo zikawa bluu."

"Nabintu!" Valère alipiga meza. "Tangu asubuhi unatuzungusha! Mimi naita mafundi, na wewe unakaa na jibu mdomoni kama pipi?"

Nilifunika uso. Niliona nimekwisha. Lakini Byron alikuwa ameshachomoa flashi yake.

"Kama ni apdeti, hiyo ni ngoma nyingine," akasema polepole. "Nilikuwa naua mgonjwa ambaye hakufa. Mwiteni Akech."

Akech anapanga chumba nyuma ya duka letu. Naye ni Mkenya. Anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja mtaa wa Bukoto. Valère akampigia na kuweka simu kwenye spika.

"Msiguse kitu," Akech akasema. "Kuna aliyefuta?"

"Ilibaki kidogo," Valère akajibu.

"Mungu wangu. Sikilizeni, hata huku kwetu ni bluu tangu asubuhi. Namaliza, nakuja. Na huyo msichana aliyeona ilivyoanza, asiondoke!"

Masaa manne tulingoja. Mzee alikataa chai. Mama Rehemah alienda zake, lakini maneno yake yalibaki dukani. Kila mtu aliposimama mlangoni, mzee alifunika uso kwa kofia.

Saa tisa Akech akafika, jasho usoni. Hakuuliza nani mkosaji. Aliniuliza mimi, "Ilianza saa ngapi? Kioo kilisema nini?"

Nikampa bahasha. Akaisoma, akatoa simu yake. Aliandika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni iliyotengeneza programu ile. Kisha akaweka simu kando ya bahasha.

"Tazameni. Jina la faili aliloandika Nabintu ndilo hili hapa. Kampuni yenyewe imekiri. Walituma apdeti yenye kosa."

"Kwa hiyo hakuna aliyeingia?" mzee akauliza.

"Hakuna, mzee wangu. Huyu si mwizi. Ni mlinzi aliyefunga mlango vibaya, akatufungia nje sisi wenyewe. Maelezo yako yapo humo, na hakuna dalili kwamba mtu ameyaona."

Mzee akavuta pumzi. "Na karatasi yangu?"

"Bado sijui. Tujaribu."

Akaanza na ya kwanza. Alizungumza huku akifanya, ili tuone. "Naizima katikati ya kuwaka, mara tatu. Sasa inaleta ukurasa wa matengenezo. Hapa nachagua iwake kwa hali salama. Maana yake, iamke na vitu vichache tu, mlinzi akiwa amelala. Sasa natafuta lile faili bovu. Hilo moja tu! Ukifuta jingine kwa kubahatisha, umeharibu zaidi."

Akafuta. Akawasha upya. Kioo kikawa cheusi. Kikakaa hivyo muda mrefu. Kisha zikatokea picha zetu za kila siku.

Tukahamia ya pili. Akafanya vilevile. Akawasha.

Bluu.

Mzee alisimama. Nilisikia benchi likilia.

"Tulia, mzee," Akech akasema, lakini naye alikuwa ameuma mdomo. Akarudi kwenye hali salama. Akasoma simu tena, mstari kwa mstari. "Aa. Humu kuna mafaili mabovu mawili. Nilitoa moja."

Akatoa la pili. Akawasha. Kioo kikawa cheusi. Treni ikapita, meza ikatetemeka, na mimi nikashikilia kompyuta ile kwa mikono yote miwili kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kutembea.

Ikafunguka.

"Usichapishe kwanza!" Akech akanizuia. "Kwanza nakala." Alichomeka diski ya nje, akanakili mafaili ya watu wote. Ndipo akaniambia, "Haya. Fungua la mzee."

Mashine ya kuchapisha ikanguruma. Karatasi ikatoka na mhuri wake wa mahakama, na majina matatu. Mzee aliishika kwa ncha za vidole.

Kompyuta ya tatu ilituomba namba ndefu sana ya kufungulia. Hakuna aliyeijua. Aliyemuuzia Valère ndiye aliyekuwa nayo.

"Msibahatishe," Akech akasema. "Mpigieni muuzaji. Na mkiipata, iandikeni, muiweke mbali na kompyuta." Muuzaji aliileta Jumatatu.

Valère alikuwa amechoka. "Akech, ng'oa kabisa hii programu ya ulinzi. Sitaki kuiona."

"Hapana, jirani. Askari wako akikosea zamu moja, unalala mlango wazi? Wezi wa kweli wapo, na apdeti nyingi ndizo zinazoziba matundu wanayopitia. Kataa apdeti zote, utaibiwa. Shida yenu ilikuwa nyingine. Mliziwasha upya zote tatu kwa pamoja."

"Tufanyeje basi?"

"Anza na kompyuta moja, ile isiyo na kazi ya haraka. Ngoja mpaka kesho yake. Ikiwa nzima, endelea na nyingine. Lakini usingoje wiki nzima. Na kila jioni, nakala. Diski isilale dukani, ilale nyumbani."

"Na ukiona bluu?" Victoire akauliza.

"Usifute. Usipigie namba ya mtu usiyemjua. Nakili maneno, kama alivyofanya dada yako. Bahasha hii imenipunguzia saa nzima." Kisha akamgeukia Valère. "Swali langu ni moja. Mtu akikosea hapa dukani, wewe huwa unamfanya nini?"

Valère akakuna kichwa.

Victoire akajibu badala yake. "Anafoka mpaka dereva wa treni anasikia."

Byron, aliyekuwa bado mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Valère naye akashindwa kujizuia.

"Ukifoka, wanaficha," Akech akasema. "Wakificha, fundi anatibu ugonjwa ambao haupo. Leo uongo mmoja mdogo ulikaribia kufuta watoto watatu."

Valère akanitazama. Haikuwa rahisi kwake. "Shemeji, ungeniambia asubuhi, ningefoka. Najua. Kuanzia leo, ukibonyeza kitu, niambie hapohapo. Nitakunywa maji kwanza, ndipo nijibu."

"Na mimi nitauliza kabla ya kubonyeza," nikasema.

Jioni ile Victoire alifunga diski kwenye kitambaa, akaenda nayo nyumbani mkobani.

Ijumaa saa tatu ilipita. Saa nne ikapita. Nilikuwa nachapa barua ya mtu na kukosea kila mstari. Saa tano na nusu simu ya Valère ikalia. Akanipa.

"Nabintu?" Ilikuwa sauti ya mzee Mushagalusa. Nyuma yake watoto walikuwa wanagombania kitu.

"Ndiyo, mzee."

"Afisa alisoma karatasi mara mbili. Akawauliza watoto, huyu ni nani? Yule mdogo akamjibu, huyu ni wetu." "Ameandika. Wote watatu, chini ya jina langu. Sasa niambie niwapeleke wapi, wanataka mandazi."