Akina William Wawili wa Moonta

Kila siku baada ya masomo, Loveday Trembath hakwenda nyumbani moja kwa moja. Wazazi wake walifanya kazi hospitalini, mji wa pili, na walirudi jioni. Kwa hiyo alipitia kwa babu yake, mzee Clem, aliyekaa nyuma ya kanisa la Kimethodisti la Moonta, mji mdogo wa Australia. Aliweka mkoba mlangoni, akawawekea kuku maji, akabandika birika, kisha wakakaa mezani kula pasti ya moto, ule mkate wa kukunja uliojaa nyama na viazi.

Mwezi huo wa Aprili aliongezewa kazi moja: kufuta medali. Kila mwaka, alfajiri ya Siku ya Anzac, mji mzima ulikusanyika kuwakumbuka askari, na mzee Clem alizivaa medali za babu yake, William Trembath, aliyepigana Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alizivaa upande wa kulia wa kifua, kama ilivyo desturi ya wajukuu. Upande wa kushoto ni wa yule aliyezipata mwenyewe.

Zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa kuukuu na rangi yake imefifia. Ya tatu iling'aa, maana ilikuwa nakala.

"Hiyo ifute taratibu," mzee Clem alisema. "Ndiyo ya ushujaa."

"Babu, na ile halisi ilikwenda wapi?"

"Mara ngapi nimekwambia? Miaka ya ukame watu waliuza hata vitanda. Iliuzwa, nadhani. Mimi nilisoma maktabani, kwenye gazeti la zamani, kwamba W. Trembath wa Moonta aliwabeba majeruhi wanne huku risasi zinamiminika. Nikaagiza nakala siku ile ile."

"Yeye mwenyewe hakukusimulia?"

"Hata neno. Watu wa zamani hawakuwa na majigambo kama ninyi." Mzee Clem akacheka. "Sasa mwaka huu utasoma habari zake mbele ya watu. Usimeze maneno!"

Loveday alitabasamu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote kubwa. Mwalimu Nankervis alimchagua kwa sababu alitoka katika ukoo wa shujaa.

Kesho yake mwalimu aliwapeleka wanafunzi wote waliochaguliwa kusoma kwenye chumba cha kompyuta. Kumbukumbu za askari wa vita vile zimewekwa mtandaoni, na yeyote anaweza kuzifungua.

"Kila mmoja aniletee namba ya askari wake," mwalimu alisema. "Tutaichapa kwenye ratiba. Lakini muwe waangalifu. Wazee wetu walitoka Cornwall, Uingereza, kuja kuchimba shaba, na kwa majina walikuwa wavivu. Kila nyumba William, kila nyumba Thomas. Msinyakue jina la kwanza mnaloliona. Angalieni mke, wazazi, kazi, hata alama za mwili."

"Mwalimu, kwetu kuna akina Thomas sita," alisema Darcy Hosking, "na wote wana pua moja!"

Wote wakaangua kicheko. Loveday aliandika jina. Wakatokea akina William Trembath wawili, wote wa Moonta. Alifungua jalada la kwanza, akaona imeandikwa kwamba alipewa medali ya ushujaa. Moyo ukamruka. Jalada la pili hakulifungua, kwa maana alijua tayari alichokuwa akikitafuta. Alinakili namba, 3417, akampa mwalimu.

Wakati wa mapumziko Darcy alimfuata uwanjani.

"Eti medali mliiuza! Mlimuuzia nani? Au babu yako aliila ndani ya pasti?"

"Wivu tu huo. Wa kwenu alifanya nini?"

"Alikuwa rubani."

"Wa ndege ya karatasi?"

Darcy alinuna. "Haya, hizo mbili mlizobaki nazo, umeangalia ukingoni? Medali za vita vile zimegongwa namba ya askari. Niliziona pale makumbusho. Nenda ukaangalie, Binti Shujaa."

"Nitaangalia, na wewe utafunga mdomo."

Jioni ile Loveday aliichukua medali moja kuukuu, akaigeuza kuelekea dirishani. Ukingoni palikuwa na maandishi madogo mno. Alifuta kwa kitambaa, akasoma: 2086 W. TREMBATH. Akaichukua ya pili. 2086 tena, si 3417 aliyompa mwalimu. Ile nakala ya ushujaa ilikuwa laini ukingoni kama kifungo cha koti.

"Unatafuta nini?" mzee Clem aliuliza kutoka jikoni.

"Uchafu tu, Babu."

Siku iliyofuata alilifungua lile jalada la pili. Namba 2086 alikuwa dereva wa magari ya farasi. Hakumbeba majeruhi yeyote. Alilazwa hospitalini kwa matumbwitumbwi. Aliwahi kuadhibiwa, akafungiwa kambini, kwa sababu aliwakimbiza farasi mbio alipotumwa kuwapeleka kunywa maji. Mkewe aliitwa Thirza. Ncha ya kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, haikuwepo.

Loveday alilijua jina la Thirza. Liliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia ya ukoo. Ndiye bibi yake mzee Clem.

Alifunga kompyuta. Yule shujaa hakuwa wa ukoo wao. Kwa miaka thelathini Babu alikuwa akisimulia habari za mtu baki, kanisani, sokoni, na kwenye chama cha askari wa zamani. Akisema, mji mzima utamcheka Babu, na yeye mwenyewe hatasoma. Akinyamaza, nani atajua?

"Namba vipi?" Darcy alimuuliza mlangoni.

"Iko sawa."

Uongo huu ulitoka kwa urahisi kuliko ule wa kwanza aliomwambia Babu, na jambo hilo lilimtisha.

Jumapili alikaa kanisani karibu na babu yake kama kawaida. Ilipofika zamu ya mzee Clem kuomba, alisimama akashika kiti cha mbele.

"Bwana, tunakushukuru kwa wazee wetu. Tunakushukuru kwa babu yetu William, aliyewabeba wenzake mgongoni. Utupe na sisi moyo kama wake."

Watu wakaitika amina. Loveday hakuitikia. Ilikuwaje amdanganye Babu, kisha aitikie sala yake mbele za Mungu? Akainama, akaomba kwa maneno yake mwenyewe: "Mungu, nisaidie niseme. Peke yangu siwezi." Hakusikia sauti yoyote kutoka juu. Moyo wake uliendelea kumdunda vile vile. Lakini walipofika nyumbani, kabla mzee Clem hajavua koti, Loveday alisema.

"Babu, yule wa medali si wetu."

"Nani si wetu?"

"William aliyewabeba majeruhi. Walikuwa wawili, jina moja. Namba yake si ile iliyo kwenye medali zako."

Uso wa mzee Clem ulibadilika rangi. "Wewe! Uliyezaliwa juzi unakuja kunifundisha babu yangu alikuwa nani? Mimi nilikaa mapajani pake!"

"Babu, namba imegongwa ukingoni. Nimeona mwenyewe."

"Nyamaza kidogo." Akatoka nje, akachukua shoka, akaanza kupasua kuni ambazo hazikuhitajika. Loveday alisikia shoka likigonga na kugonga. Machozi yalimtoka, lakini hakukimbia.

Baadaye shoka lilinyamaza. Mzee Clem aliingia, akazichukua medali, akavaa miwani. Alizitazama kingo zake moja baada ya nyingine. Kisha akavuta kiti.

"Una habari za huyo mwingine, mwenye namba hii?"

"Nimezichapa."

"Soma."

Loveday alisoma. Alipofika kwenye kidole, mzee Clem aliinua mkono wake wa kushoto akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Kidole hicho nilikishika nikienda naye gatini kuvua samaki," alisema polepole. "Mnyororo wa mgodini ulikikata akiwa kijana. Endelea."

Loveday akasoma habari za farasi. Mabega ya mzee Clem yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Yule mzee! Siku moja nilimkimbiza farasi wake kwenye barabara ngumu, akanifokea mpaka majirani wakatoka nje. Kumbe yeye ndiye aliyeanza!"

"Hujakasirika, Babu?"

"Nimekasirika. Nimejikasirikia mwenyewe. Niliona herufi moja na jina la ukoo gazetini, nikashangilia. Sikuuliza zaidi kwa sababu nilitaka iwe kweli." Akainamisha kichwa. "Na yule shujaa, ana jamaa hapa?"

"Hapana. Vita vilipokwisha alihamia magharibi, kwenye migodi ya dhahabu. Hakurudi."

"Kwa hiyo hapa hana hata mtu mmoja wa kumtaja." Mzee Clem alichukua koleo ndogo, akaibandua ile nakala kutoka kwenye pini yake. "Kesho tunakwenda kwa mwalimu wako."

"Watakucheka, Babu."

"Wacha wacheke. Nimechekwa sana mimi, na bado nakula pasti mbili."

Mwalimu Nankervis aliwasikiliza mpaka mwisho, huku ratiba zilizokwisha kuchapwa zimepangwa mezani pake.

"Loveday, ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita, Mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa kunyang'anywa nafasi. Na niliogopa kwa ajili ya Babu."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa. Lakini kusoma uongo mbele ya watu kunanitisha zaidi."

Mwalimu alipumua. "Nafasi hii ilikuwa ya jamaa ya shujaa, nawe si jamaa yake. Siwezi kuamua peke yangu. Nitawauliza wazee wa chama cha askari."

Loveday alisubiri. Usiku alilala, jambo ambalo lilikuwa limemshinda kwa siku kadhaa. Siku moja kabla ya Anzac mwalimu alimwita. Wazee walikuwa wamekubali asome, kwa sharti moja: aanze kwa kusahihisha kosa, kwa kinywa chake mwenyewe.

Alfajiri ile baridi iliuma. Watu walisimama kuzunguka mnara wa kumbukumbu wamejifunika makoti, na mahali pengine gizani mtoto mchanga alilia kisha akabembelezwa. Loveday alipanda ngazi. Akakunjua karatasi yake.

"Katika ratiba mmeandikiwa kwamba nitasoma habari za babu wa babu yangu, aliyepewa medali ya ushujaa," alianza. "Si kweli. Nilikosea, kwa sababu niliona jina nikaliamini bila kuhakikisha. Baadaye nikaujua ukweli, nikauficha. Naomba radhi. Walikuwa akina William Trembath wawili. Wa kwanza alikuwa mwashi. Aliwabeba wenzake wanne waliojeruhiwa, na wote wanne walipona. Hana ndugu hapa leo, kwa hiyo naomba sote tuwe ndugu zake asubuhi hii. Wa pili ndiye wetu. Aliendesha farasi waliopeleka chakula na risasi, usiku na mchana, katika matope. Aliugua matumbwitumbwi. Aliadhibiwa mara moja. Alirudi nyumbani kwa Thirza, akalea watoto, na ndiyo maana mimi nipo."

Loveday alidhani amevuruga kila kitu. Kisha mzee mmoja wa chama cha askari, aliyevaa medali zake upande wa kushoto, alivua kofia. Jirani yake akavua pia. Ndipo tarumbeta likapigwa, na mbingu ikaanza kupambazuka juu ya mashamba ya shayiri.

Baada ya ibada watu waliingia ukumbini kunywa chai na kula soseji kwa mkate. Darcy alikuja amejaza hewa mashavuni kama mgonjwa wa matumbwitumbwi.

"Mashavu ya ukoo wa Trembath!" alisema, kisha akapasuka kwa kicheko. Wawili watatu wakacheka naye. Mzee Clem naye alijaza mashavu yake, na mzaha wa Darcy ukawa si kitu tena.

Darcy akasogea karibu. "Loveday," alisema kwa sauti ya chini, "unaweza kunisaidia kumtafuta wa kwetu? Maana ile ndege... sina hakika nayo. Ila usimwambie mama."

"Tutamtafuta. Na tukikuta alikuwa mpishi?"

"Basi atakuwa mpishi."

"Hapo umesema neno, kijana," alisema mzee Clem. Aliweka kikombe chini na kuwatazama wote wawili. "Nisikilizeni. Mimi nilimpenda sana babu yangu. Lakini kwa miaka thelathini nilimpa sifa za mtu mwingine, na kwa kufanya hivyo niliwaumiza wote wawili. Yule shujaa nilimnyang'anya kazi yake, na babu yangu mwenyewe nikamfukia chini yake, asionekane. Mkiwatafuta wazee wenu, hakikisheni kabla ya kusema. Mkigundua mmekosea, semeni mapema, kabla ulimi haujauzoea uongo. Huyu mtoto alichelewa siku chache, mimi nilichelewa nusu ya maisha yangu. Wala msione haya kama mzee wenu hakuwa na medali kubwa. Mungu hakukosea alipotupatia yule wa kwetu, pamoja na matumbwitumbwi yake na farasi wake."