Jina la Tatu

Harufu ilianza Jumatatu, saa sita mchana, Garissa nzima ikiwa imejifungia ndani kulikimbia jua. Maziwa ya ngamia, yenye moshi wa kibuyu. Risper Aketch, mchambuzi wa ujasusi, alikagua droo, akakagua pipa la taka. Hamna kitu. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Jumanne, saa ile ile, ikaja sauti. Mwanamume, chini ya meza yake, akihesabu nasaba kama watoto wa Kisomali wanavyofunzwa kabla hata ya kusoma: "Abdiwahab. Dekow..." Hapo anakwama, anakoroma kama aliyekabwa, anaanza upya.

Risper alilijua jina. Mtoa habari alimpa majina matatu ya mshukiwa: la mtu, la baba, la babu. Naye, akiwahi mkutano, akaandika mawili. Kule Hulugho, mpakani, majina mawili ni wanaume kumi. Askari wakamchukua mchunga ngamia ambaye babu yake ni mwingine kabisa. Ripoti ikasifiwa, na Risper akapewa cheo Nairobi, kwenye meza inayotunga sera ya usalama wa taifa. Usalama wa nani, hakuna aliyeuliza.

"Bosi, tulichukua mtu siye," alimnong'onezea Muema, mkuu wake.

"Wacha mchezo. Ukigusa hiyo ripoti, cheo kwaheri."

"Mama yake anakuja getini kila siku."

"Atachoka."

Alhamisi Risper akamwingiza ofisini, kwa mlango wa nyuma, Sheikh Shuaib, anayejulikana kwa kufukuza majini. Sheikh alisoma Kurani, akanyunyiza maji, akainama kusikiliza, na ile sauti ikapanda miguu ya meza, ikapita mikononi mwa Risper, ikamfika kooni na kuanza kuyahesabu majina kwa ulimi wake mwenyewe, mawili tu, mara kumi, mara ishirini, huku meno yakigongana na maziwa ya moshi yakimjaa mdomoni hata pumzi ikakata, mpaka Sheikh alipomshika kichwa na kupaza dua.

"Dada, hii mimi siwezi kufukuza," Sheikh alisema polepole. "Hii ni karini, jini anazaliwa na mtu. Mwenyewe akifa, yeye anabaki."

"Akifa? Abdiwahab yuko rumande!"

"Nani amekuambia?"

Risper akaivuta faili karibu.

"Andika ukweli, jina yote tatu. Mama yake ajue, amswalie. Hii iko na haki yake. Ukimnyima, itajilipa kwa nasaba yako."

Risper alifungua faili. Akaitazama saa nzima. Akaifunga.

Ijumaa alisaini barua ya uhamisho. Getini, Maka, mama yake Abdiwahab, aliligonga gari lake. "Abaayo, dada yangu, Abdiwahab yangu iko wapi?"

Risper akapandisha kioo.

Harufu ikakoma. Sauti ikakoma. Siku ya kwanza ofisini Nairobi, alimpigia simu baba yake kule Siaya.

"Baba, nimepanda cheo!"

"Nani mwenzangu?"

"Risper, baba. Risper wako!"

Mzee akajibu kwa upole, kama mtu anavyomjibu mgeni.

"Umekosea nambari, mama. Mimi sina binti wa jina hilo."

Kwa mbali Risper akamsikia mamake akiuliza ni nani.

"Hata simjui," mzee akasema, akakata simu.