Mlango Usiofunguka

Haya yalimkuta rafiki yangu Mbeyu, niliyekuwa nikikaa naye ughaibuni, Tottenham. Alikuwa akisafisha usiku katika jumba moja la makumbusho, kwenye chumba walimojenga upya hekalu la kale la Misri. Hekalu lile lina mlango uliochongwa kwenye jiwe zima. Haufunguki, na nyuma yake ni ukuta.

Mbeyu hapiti mlango bila kubisha; ndivyo mama yake alivyomlea. Usiku ule mama huyo alikuwa hoi kitandani, Kilifi, mguu wa kushoto umekufa kwa kiharusi. Mbeyu hakuweza kumwendea, kwani pasipoti yake ilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji.

"Hodi," aliuambia ule mlango, kwa mazoea.

"We dada, unabishia mawe?" Elkana, mwenzake wa kazi, akamcheka. "Yakikujibu karibu, utaingia?"

Akaenda zake na ndoo. Mbeyu akapiga deki kinyumenyume hadi mlango wa kutokea chumbani, akazima taa. Gizani akasikia mguu mtupu ukikanyaga nyuma yake: pa, kisha kitu kikaburutwa. Pa, kikaburutwa. Kikampita, kikanyamaza.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, Mama ametutoka sasa hivi."

Mbeyu akawasha taa. Kwenye maji ya deki palikuwa na alama za nyayo, ule wa kushoto umechora mstari, zikielekea kwenye mlango wa jiwe. Ya mwisho ilikuwa kisigino tu. Vidole vilikuwa vimeshaingia.