Chini ya Mikorosho ya Mwanaima

Kra, kra, kra. Kijiko kilikuwa kinakwangua sufuria jikoni, na nje bado kulikuwa giza. Martina alijua, bila kufungua macho, kwamba mama yake anapakua wali wa safari, tena anakwangua polepole ili asimwamshe Bibi. Lakini Bibi alikuwa ameamka zamani. Alikuwa ameketi kitandani upande wa pili wa chumba, amejitanda khanga, na kitambaa cheupe cha hospitali kimefunika jicho lake la kulia.

"Mke mwenzangu," Bibi alinong'ona, "umelala au unajifanya?"

"Nimelala, Bibi."

"Basi amka unitafutie ndara zangu. Mimi leo nina jicho moja tu, nalo limezeeka."

Martina alicheka, akaingia uvunguni kutafuta ndara. Bibi Emerensiana alikuwa amekaa kwao Rasbura, mjini Lindi, tangu alipotolewa mtoto wa jicho hospitalini. Sasa alikuwa anarudi kwake, kijiji cha milimani ndani ya wilaya ya Kilwa. Daktari alikuwa amemwonya kwa upole kwamba jicho lile lisiingie vumbi wala moshi mpaka lipone kabisa, la sivyo kazi yote ingekuwa bure. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, Martina ndiye aliyepewa kazi ya kumsindikiza Bibi na kumtilia dawa.

Wangesafiri kwa pikapu ya Mjomba Cletus, mwana wa Bibi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, watu binafsi walipoanza kununua na kuuza korosho wenyewe, na Mjomba alikuwa amepata pesa za kununulia gari kuukuu kutoka Dar es Salaam. Watoto wa Rasbura waliliita Bibi Harusi, kwa sababu lilikwenda taratibu na kusimama kila penye watu. Mshale wake wa mafuta ulikuwa umekufa. Kwa hiyo Mjomba alichonga ufito, akaukata alama kwa kisu, na kila kabla ya safari ufito huo ulitumbukizwa ndani ya tangi, ukatolewa, ukatazamwa umelowa mpaka wapi. Kazi hiyo alikuwa amemkabidhi Martina, na Martina aliionea fahari mbele ya wenzake.

"Martina, pima mafuta," Mjomba alisema asubuhi ile, huku akifunga kamba za mizigo. "Yakiwa chini ya alama ya katikati, tutasubiri kituo kifunguliwe. Yakiwa juu, tunaondoka sasa hivi, jua lisimkute Mama njiani."

Martina alikuwa amevaa gauni lake jipya la mtumba, la rangi ya maziwa, lenye kola ya lesi. Alilitazama. Kisha akautazama mfuniko wa tangi uliojaa grisi, na mchanga ambao angepaswa kuupigia magoti. Petroli ilikuwa na tabia ya kutiririka kwenye ufito mpaka kwenye kiwiko. Jana mchana alikuwa amepima, na mafuta yalikuwa juu ya katikati. Gari lilikuwa limelala uani. Mafuta yangekwenda wapi?

Aliutikisa mfuniko ili usikike, akasubiri kidogo, kisha akasema, "Yamepita katikati, Mjomba."

"Safi. Tupande."

Mama alimkabidhi Martina kapu la chakula, akamfunga Bibi khanga nyingine kichwani, na wakaondoka. Bibi alikaa katikati, mbali na vumbi la madirishani. Martina alikaa mlangoni, ameushika mkono wa Bibi.

Walifika Kitomanga jua likiwa limepanda. Walinunua ndizi kwa mama mmoja ambaye, alipoona kitambaa cha jicho la Bibi, aliongeza ndizi mbili juu, akasema, "Hizi za mgonjwa." Bibi alimwombea dua mpaka gari likatoka kijijini.

Mbele ya hapo barabara ilikuwa ya mchanga, na vichaka vilikuwa vimekauka pande zote. Mjomba alikuwa amechangamka.

"Mama, gari hili tunalicheka bure," alisema. "Jana jioni jirani yetu Valentini alikuja anahema, mkewe ameshikwa na uchungu. Nikampeleka hospitali. Nikarudi kumchukua mama mkwe. Nikarudi tena kufuata nguo za mtoto, maana walizisahau. Nikasema, leo mafuta yamekwisha. Kumbe bado yamepita katikati."

"Umefanya vizuri," Bibi alisema. "Mtoto gani?"

"Wa kike."

Martina hakusikia lingine. Alitazama nje ya dirisha, na kila mti uliopita alitaka kusema, halafu akajiambia atasema kwenye mti unaofuata. Labda mafuta yangetosha. Labda wangemkuta mtu njiani mwenye petroli ya kuuza. Bibi alimminya vidole.

"Mbona mkono wako una jasho, mke mwenzangu?"

"Joto, Bibi."

Walipita shamba la mikorosho lililokuwa kando ya barabara. Mwanamke mmoja alikuwa ameinama chini ya miti, anafagia. Aliinua ufagio kuwapungia, nao wakampungia. Baada ya hapo barabara ilianza kupanda, na walipofika juu ya mwinuko Mjomba akakanyaga breki.

Bonde lote mbele yao lilikuwa linafuka. Mtu fulani alikuwa ameandaa shamba kwa kulichoma bila kukata njia ya kuzuia moto, na sasa moto ule ulikuwa umetoroka, umekuwa moto kichaa. Mianzi ilipasuka kwa mlio mkali. Mwewe walizunguka juu ya moshi, wakidaka panzi waliokuwa wanakimbia. Moto ulikuwa bado upande wa kushoto wa barabara, lakini upepo uliusukuma.

Mjomba aliutazama kwa muda. "Haujafika barabarani," alisema. "Tukikaza mwendo, tutavuka bonde kabla haujafika. Kurudi ni kumrudisha Mama kwenye vumbi lote lile. Funga kioo, Martina. Mama, jifunike uso vizuri."

Bibi alijifunika, kwa sababu alimwamini mwanawe. Mjomba akaingiza gia.

Martina aliuona mkono wa Mjomba juu ya usukani. Aliiona khanga ya Bibi ikipanda na kushuka kwa pumzi. Akawaona wamesimama kule chini, gari limezimika, moshi umewafunika, na jicho la Bibi limo ndani ya moshi huo.

"Mjomba, simama."

"Nini tena?"

"Sikupima." Sauti ilimtoka ndogo. "Asubuhi sikupima. Niliogopa kuchafua gauni. Nilikuambia ya jana mchana."

Mjomba alizima gari. Hakumgombeza. Alishuka, akautoa ufito nyuma ya kiti, akaenda kwenye tangi. Martina alimfuata. Ufito ulipotoka ulikuwa mkavu karibu wote. Ncha yake tu ndiyo iliyolowa.

"Haya yangetufikisha katikati ya bonde," Mjomba alisema taratibu. Alifuta uso kwa kiganja. "Na Kitomanga hatufiki. Na moto unakuja."

Martina alianza kulia. Bibi aliufungua mlango kidogo.

"Cletus, acheni kilio kwanza. Tumepita wapi pale palipokuwa na harufu ya mabibo?"

"Shamba la mikorosho, Mama. Si mbali, nyuma yetu."

"Lilikuwa safi au lina majani?"

Mjomba hakukumbuka. Martina ndiye aliyejibu huku akipenga kamasi. "Lilikuwa safi, Bibi. Mama mmoja alikuwa anafagia."

"Basi turudi kwa huyo anayefagia."

Mjomba aliligeuza gari, akaliacha literemke lenyewe bila moto wa injini, Martina akisukuma kwa nyuma penye tambarare. Mchanga ulimwingia viatuni na gauni likashika vumbi mpaka kiunoni. Mwanamke yule alikuwa amekwisha kuuona moshi na kuelewa. Aliwakimbilia akiwa bado na ufagio mkononi, na mumewe nyuma yake.

"Ingizeni ndani kabisa, huku penye miti mikubwa," alisema. "Bakary, sukuma upande ule. Shikamoo, Bibi. Usishuke kwanza, nakuletea maji."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenye sauti hiyo nzuri?"

"Mwanaima."

"Mungu akuweke, Mwanaima."

Wakulima wa mikorosho husafisha chini ya miti yao kabla ya msimu, ili korosho zikianguka zionekane na kuokotwa. Wengi husafisha vizuri karibu na nyumba na kulipua kazi mpakani. Shamba la Mwanaima lilikuwa limefagiwa mpaka mti wa mwisho, mpaka kwenye kona ambayo hakuna mpita njia angeiona. Ardhi ilikuwa nyeupe, ina michirizi ya ufagio.

Mwanaima alilowesha khanga ndani ya ndoo, akaikamua, akamfunika Bibi kichwa kizima. Kisha wote wakakata matawi mabichi, wakajipanga mpakani. Martina alisimama kati ya Mwanaima na Mjomba. Joto lilikuja kwanza, halafu moshi, halafu moto wenyewe ukitambaa kwenye nyasi kavu kwa sauti kama ya watu wengi wanaorarua nguo. Cheche ziliruka ndani ya shamba. Kila iliporuka moja, Martina aliikimbilia na tawi lake, akaipiga mpaka ikafa.

"Usipige kwa juu, itaruka," Mwanaima alimwambia. "Ifunike. Hivyo. Unaweza, binti."

Moto ulifika pale michirizi ya ufagio ilipoanzia. Ulitafuta kitu cha kula, haukupata. Ukazunguka shamba, ukapita upande wa pili wa barabara, ukaendelea na safari yake ukiacha majivu na visiki vinavyofuka.

Martina aliangusha tawi, akakimbilia garini. Alifunua khanga mbichi kwa uangalifu.

"Bibi, jicho linauma?"

"Jicho liko salama. Ni pua tu, inasikia njaa. Ule wali wa mama yako uko wapi?"

Walikula wote pamoja juu ya mkeka wa Mwanaima. Bakary hakumaliza sahani yake. Alimwambia Mjomba kwamba kuna fundi wa pikipiki Kitomanga anayeuza petroli kwa chupa, akafunga dumu nyuma ya baiskeli. Mjomba alitaka kwenda mwenyewe.

"Kaka, hii baiskeli ina breki ya kisigino," Bakary alisema. "Inanijua mimi. Wewe itakutupa mtaroni, halafu tuwe na wagonjwa wawili."

Akaondoka. Mjomba alikuwa amempa pesa za petroli. Za kuchoka kwake Bakary alizikataa kwa kutikisa mkono tu, bila hata kugeuka.

Mwanaima alimpa Martina bibo la manjano, tunda la mkorosho, la kwanza msimu ule. Martina aliling'ata, na maji yake yakatiririka kidevuni mpaka kwenye kola ya lesi.

"Pole, mwanangu," Mwanaima alisema. "Doa la bibo halitoki hata ukisugua mpaka mwakani."

Martina aliitazama kola, kisha akajikuta anacheka, na macho yake yakajaa machozi tena.

"Njoo hapa, mke mwenzangu," Bibi aliita. Martina akakaa, akaegemea bega lake. "Mjomba wako amekasirika?"

"Sijui. Hajaniambia kitu."

"Nimekasirika," Mjomba alisema kutoka nyuma ya gari, alikokuwa anakaza mizigo. "Lakini pia nashukuru. Ungenyamaza kidogo tu, tungekuwa kule bondeni. Wakubwa wengi ninaowajua wangenyamaza."

Bibi alimpapasa Martina kichwani, akimwondolea majivu. "Mimi sioni vizuri, kwa hiyo nimesikiliza," alisema. "Mwanaima huyu, nani alimwona anafagia ile kona ya mwisho? Hakuna. Angeiacha, hakuna ambaye angejua, mpaka leo. Kazi ndogo ni hivyo hivyo, mjukuu wangu. Mtu akikuambia pima, amekuwekea maisha yake mkononi, hata kama kazi yenyewe ni kuchovya kijiti. Ifanye kama wote wanakutazama. Na siku ukishindwa kuifanya, sema mapema. Aibu ya kusema utaisahau. Umeona leo kunyamaza kungetufikisha wapi."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu uliposema. Mwombe na mjomba wako."

Martina alimwendea Mjomba. Akamwomba msamaha. Mjomba alimsikiliza, akamshika bega, kisha akamwomba amsaidie kushika kamba.

Walipokuwa wanamsubiri Bakary, Martina aliona kwamba matawi na majivu yalikuwa yametapakaa mpakani mwa shamba. Alichukua ufagio bila kuambiwa. Mwanaima alichukua mwingine, wakafagia pamoja kuelekea ile kona ya mwisho, huku Mwanaima akimsimulia juu ya binti yake aliyeolewa Lindi na ambaye huja kwa nadra.

Bakary alirudi jua likiwa limeanza kupoa, shati limemganda mgongoni. Petroli ilimiminwa. Martina alipiga magoti mchangani, akatumbukiza ufito, akauinua juu ili Mjomba auone kwa macho yake, na petroli ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Barabarani moto ulikuwa umekwisha pita, na moshi uliobaki ulikuwa mwembamba. Alimtilia Bibi dawa, akamfunika, akamsaidia kupanda.

Mwanaima aliweka kikapu kidogo cha mabibo miguuni pa Bibi. Alibaki ameshika dirisha, kama mtu asiyetaka gari liondoke.

"Bibi, utarudi lini kuonyesha jicho hospitali?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Basi mpite hapa. Lakini msinipungie tu kama asubuhi, mkaenda zenu." Alimtazama Martina. "Mshuke, binti. Mje mkae."