Kifuniko cha Sufuria Kubwa

"Kwani nimekila?" Mama Irine alifoka mlangoni kwa Sista Bathsheba, mikono kiunoni. "Yawa! Nilirudisha sufuria pamoja na kifuniko chake Jumapili, nikaviweka hapa hapa mlangoni!"

"Sufuria tunaiona," Mama Sumayya akajibu, akirekebisha buibui yake. "Kifuniko ndicho hatukioni. Ulisikia Sista Bathsheba ameamua kunipa mimi, ukaona afadhali tukose sote."

"Mimi? Mimi niibe kifuniko?"

Edinah alikuwa nyuma ya pazia, ameshika ufagio usiofagia chochote. Kila asubuhi ya likizo, msichana huyu wa miaka kumi na miwili alifagia ua kabla ya chai. Leo miguu haikutaka kutoka nje.

Nyanya yake, Sista Bathsheba, alikuwa muuguzi katika zahanati moja mjini Homa Bay. Alikuwa karibu kustaafu, na wawili hao wangehamia Migori kwenye nyumba ya vyumba viwili. Vitu vyote visingeenea humo. Kochi lilikwenda kwa fundi cherehani, kabati likachukuliwa na mwalimu wa kwaya. Kila aliyekuja alikunywa chai, akacheka, akabeba kitu chake, na hakurudi tena. Sebule ilibaki tupu hivi kwamba Edinah akikohoa, kuta nazo zilikohoa.

Lakini sufuria kubwa! Hakukuwa na harusi wala matanga mtaani bila sufuria hiyo. Haikuwahi kupikiwa nguruwe, kwa hiyo Wasabato kama Nyanya na Waislamu kama kina Mama Sumayya walikula chakula chake bila wasiwasi. Tena, hakuna aliyeirudisha ikiwa tupu. Mmoja aliweka omena ndani, mwingine mahamri, kisha akaketi na kumwaga habari zote za mtaa. Edinah alizipenda siku hizo kuliko sikukuu.

Ndiyo maana alikuwa ameficha kifuniko nyuma ya gunia la makaa. Sufuria isiyo na kifuniko, nani angeitaka? Ingebaki, na watu wangeendelea kuja. Hakufikiria hata kidogo kwamba kuna mtu angelaumiwa.

Kufikia jioni, habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima na kurudi ikiwa imenenepa. Sasa Mama Irine hakuiba kifuniko tu, bali na vijiko. Pale bombani, Irine, rafiki yake Edinah tangu darasa la kwanza, alijaza ndoo yake akaondoka.

"Irine, ningoje!"

"Unataka kwenda na mtoto wa mwizi? Nenda na watu wazuri," Irine akajibu bila kugeuka.

Usiku huo hakuna aliyepiga hodi. Nyanya na mjukuu walikula ugali wakiwa wamekaa juu ya mkeka, katikati ya sebule kubwa isiyo na kitu. Nyanya aliacha kula.

"Miaka yote hii sijawahi kula bila mgeni," alisema polepole. "Sasa hata Mama Irine hatanisalimia tena."

Edinah alirudisha tonge kwenye sahani. Alikwenda jikoni, akarudi na kifuniko kilichojaa vumbi jeusi. "Nyanya, ni mimi. Nilitaka sufuria ibaki. Nilitaka watu wasiache kuja."

Nyanya hakupaza sauti. Alikipokea kifuniko, akakipangusa kwa pindo la leso. "Ulitaka watu waje, na hila yako imewafukuza. Mjukuu wangu, watu hawafuati sufuria. Wanafuata mtu wanayemwamini. Tukienda Migori bila kijiko hata kimoja lakini tunaaminika, nyumba itajaa. Kesho utakwenda mwenyewe kwa Mama Irine."

Asubuhi, Nyanya alimwita Mama Sumayya na kumweleza yote, kisha akatoa uamuzi wake. Sufuria ingekaa kwa Mama Sumayya, na kifuniko kwa Mama Irine. Anayetaka kupika atabisha kwanza kwa mwenzake.

"Haya, Sista," Mama Sumayya akakubali, macho chini. "Nami nitapita kumwomba Mama Irine radhi. Maneno yangu yalikimbia mbele yangu."

Edinah alivuka ua na kifuniko kifuani. Mlangoni kwa Mama Irine alipiga hodi.

"Mama Irine, nilikificha mimi, ili watu wasiache kuja kwetu. Naomba unisamehe. Nitawaambia wote pale bombani kwamba hukuiba kitu."

Mama Irine alifungua mlango wote. Nyuma yake, Irine alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Ulinifanya nisilale, nyathina, mwanangu," Mama Irine alisema. "Siku nyingine ukiogopa upweke, sema. Hakuna anayekugombeza kwa kusema."

"Ndiyo, mama. Nyanya anasema kifuniko kikae kwako. Lakini kisione nguruwe."

Mama Irine aliangua kicheko mpaka akashika mlango. "Hata harufu hakitaisikia! Umekula?"

Edinah akatikisa kichwa.

"Irine, mwekee mwenzako sahani. Na wewe vua viatu, uingie, uji unapoa."