Gunia la Siku ya Tatu

Kila asubuhi Rugamba hunywa vikombe viwili vya uji wa mtama, kisha hushuka kwa miguu kutoka mtaa wa Muhima hadi soko la Nyabugogo. Kazi yake ni kubeba mizigo. Watu kama yeye huitwa karani ngufu, yaani makarani wa nguvu, na kalamu yao ni mgongo. Lori la viazi likifika, Rugamba hujitwika gunia na kukimbia nalo, huku akipiga kelele watu wampishe.

Mke wake, Médiatrice, anauza nyanya na vitunguu mbele ya nyumba. Wana watoto wanne. Mkubwa ni Shema. Mdogo ni Umulisa, ambaye bado ananyonya.

Umulisa alipozaliwa, Médiatrice alitoka damu nyingi, karibu afe. Daktari hakuficha. Alimwambia Rugamba, "Mimba nyingine inaweza kumuua mke wako."

Wakajaribu njia za kupanga uzazi. Vidonge vilimpandisha Médiatrice presha. Sindano ilimfanya atoke damu kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Wakatumia kondomu. Siku moja ikapasuka, na Médiatrice akakaa wiki tatu bila raha mpaka alipoona siku zake. Tangu hapo Rugamba alikuwa analala sebuleni juu ya mkeka, kama mgeni aliyekosa basi.

Jumapili moja alikuja Swafiya, jirani yao. Swafiya anauza mandazi, na pia ni mshauri wa afya wa mtaa. Alikuja kumpima Umulisa uzito. Akauona mkeka.

"Baba Shema, nani analala hapa?"

"Mimi."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana," Médiatrice alijibu. "Tunaogopana."

Wakamweleza yote. Swafiya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mmehangaika na mwili wa mama tu. Kuna njia ya baba. Inaitwa vasektomi."

Rugamba aliweka kikombe chini. "Hiyo naijua. Baba yangu alikuwa na fahali. Wakamhasi. Akanenepa, akawa mvivu, hata nzi hakumfukuza. Mimi nakula kwa mgongo wangu, Bi Swafiya."

"Yule fahali aliharibiwa kokwa zake. Zako hakuna atakayezigusa. Sikiliza. Mbegu hutoka kwenye kokwa na kupita katika mirija miwili myembamba. Daktari anatoboa kitundu kidogo kwenye ngozi, anaikata mirija hiyo na kuiziba. Basi. Nguvu zinabaki. Hamu inabaki. Na ukiwa na mkeo, maji yanatoka kama kawaida, ila hayana mbegu."

Rugamba alitazama ukuta. Hakuwahi kusikia mama wa heshima, mwenye mtandio kichwani, akitaja mambo hayo bila kupepesa macho.

"Unayasema kama unauza mandazi."

"Mandazi nauza kwa aibu zaidi, maana mengine yanaungua," Swafiya alisema.

Médiatrice alicheka mpaka Umulisa akaamka.

Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili kwenye kituo cha afya. Walipokewa na daktari kijana aliyeitwa Aimable. Aliwauliza maswali mengi. Mna watoto wangapi? Nani ameamua? Kuna aliyewalazimisha? Kisha akauliza, "Bwana Rugamba, mwakani ukitaka mtoto wa tano, utafanya nini?"

"Nitarudi mnifungulie. Niliwahi kumsikia mwenzangu Maneno akisema inawezekana."

"Huyo Maneno ni daktari?"

"Anabeba vitunguu."

"Basi nisikilize mimi. Kuunganisha mirija tena kunawezekana, lakini ni upasuaji mgumu na mrefu. Madaktari wanaoujua ni wachache, na gharama ni kubwa. Tena si kila mtu hufanikiwa. Miaka ikipita mingi, bahati inapungua. Kama moyoni unasema 'nitafunguliwa', usifanye. Fanya ikiwa umemaliza kuzaa."

Médiatrice akamgeukia mumewe. Alikuwa na swali ambalo alilibeba kwa siku nyingi.

"Na mimi nikifa, ukaoa mwanamke mwingine, naye akataka watoto?"

"Mimi nafanya hivi ili usife," Rugamba alisema. "Wewe mbona unanipangia harusi?"

Daktari Aimable aliinama kwenye karatasi zake ili asionekane anacheka. Alipoinua kichwa, akawaambia waende nyumbani wakafikirie siku chache. Walifikiri. Wakarudi. Rugamba akatia saini.

Upasuaji ulichukua dakika ishirini hivi. Alichomwa sindano ya ganzi, na aliongea na daktari muda wote kuhusu bei ya viazi. Alipomaliza, Aimable alimwambia, "Pumzika siku mbili. Usibebe kitu kizito wiki mbili. Wewe hasa. Na mtumie kondomu kwa miezi mitatu, kwa sababu mbegu nyingine ziko bado njiani. Miezi mitatu ikiisha, leta maji yako tuyapime. Mpaka nikuambie hakuna mbegu, jihesabu kama mtu ambaye hajafanya lolote. Tena njia hii haizuii ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa."

Rugamba aliitikia yote. Shida ilikuwa zile wiki mbili.

Kundi la Rugamba lina desturi yake. Mtu akiugua, kila mwenzake anambebea gunia moja kwa siku, na ujira wa gunia hilo unapelekwa nyumbani kwa mgonjwa. Lakini kwanza mgonjwa lazima asimame mbele ya wote, aseme wazi anaumwa nini. Waliweka sheria hiyo kwa sababu ya wavivu waliokuwa na malaria kila Jumatatu. Rugamba aliona aibu kusimama. Siku ya kwanza alikaa nyumbani. Siku ya pili alikaa nyumbani. Siku ya tatu akasema, "Sisikii maumivu," akaenda kazini.

Alibeba gunia moja tu la viazi. Alipolitua, alihisi kitu kizito na cha moto kati ya mapaja. Alirudi Muhima hatua kwa hatua, miguu imepanuka kama bata. Sehemu zake za siri zilikuwa zimevimba.

"Nimekwisha," alimwambia mke wake. "Ni kama yule fahali."

Médiatrice hakupoteza muda wa kulia. Alimwita Swafiya, na Swafiya akampeleka kituoni papo hapo. Daktari Aimable alimkagua, akavua glavu.

"Damu kidogo imevuja chini ya ngozi. Itaisha. Vaa chupi inayobana, weka kitambaa cha baridi, meza dawa hizi, lala. Ukipata homa, au uvimbe ukiongezeka, rudi haraka. Hujaharibika. Lakini nilikuambia nini kuhusu mizigo?"

"Wiki mbili."

"Na wewe ukasikia siku mbili?"

"Alisikia vizuri," Swafiya alisema. "Kinachomsumbua ni aibu."

Asubuhi ya pili yake Rugamba alipanda pikipiki, akikaa upande kama bibi harusi, mpaka Nyabugogo. Wenzake walikuwa wanangoja lori. Maneno, yule wa vitunguu, alimwona wa kwanza.

"Rugamba, umetoka kupanda ng'ombe?"

Rugamba alisimama juu ya kreti. "Ninaomba magunia ya mgonjwa, siku kumi na moja zilizobaki," alisema. "Siumwi malaria. Nimefanya vasektomi. Mke wangu akishika mimba tena, anaweza kufa. Niliambiwa nisibebe, nikabeba kwa sababu nilikuwa nawaogopa ninyi. Nimevimba. Sasa chekeni."

Wakacheka. Walicheka sana, na mmoja akauliza kama sasa wamwite shangazi.

"Niite hivyo," Rugamba alisema. "Lakini shangazi huyu akipona, tutapimana nguvu kwa gunia la karoti."

Wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa cha upande wake. Maneno akainua mkono. "Gunia lake la kwanza nabeba mimi." Mikono mingine ikafuata. Rugamba alipokuwa anaondoka, Maneno alimfuata hadi kwenye pikipiki.

"Inauma?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sindano tu, kidogo. Kilichoniuma ni gunia la siku ya tatu."

"Na huko nyumbani... mambo?"

"Nikipona nitakuambia."

Uvimbe uliisha. Wiki mbili zilipotimia, Rugamba alirudi kazini, akabeba kama zamani. Maneno alipata jibu lake pia, na jibu lilikuwa kwamba mambo ni mazuri. Mwezi uliofuata Maneno na mkewe walikwenda kumwona Daktari Aimable, kuuliza maswali yao wenyewe.

Rugamba na Médiatrice walitumia kondomu kwa miezi mitatu, bila kuruka hata mara moja. Kisha Rugamba akapeleka maji yake kupimwa. Alirudi na karatasi mfukoni. Médiatrice alikuwa anapanga nyanya. Mikono yake ilisimama.

"Imesemaje?"

Rugamba aliacha shule darasa la tatu. Anasoma polepole, kwa kidole. Alikaa kwenye benchi, akaifungua karatasi.

"Mbegu," alisoma. "Hakuna. Iliyo... iliyoonekana. Hakuna mbegu iliyoonekana."

"Soma tena."

"Hakuna mbegu iliyoonekana."

"Pale chini pameandikwa nini?"

"Jina langu. Na mhuri."

Mteja mmoja alikuja, akataka vitunguu. Médiatrice alimpa, akasahau kupokea pesa. Mteja mwenyewe akamkumbusha.

"Soma tena, Baba Shema," Médiatrice alisema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Soma kwa sauti. Mimi nitaishi. Nataka kusikia."

Rugamba akasoma kwa sauti, na safari hii hakutumia kidole.