Noemi Ana Mama

Jumamosi na Jumapili Delfina Archuleta hakuwa na mapumziko. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na wazee hawajui mwisho wa juma. Wanahitaji kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani siku zote. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi alimvalisha binti yake Noemi koti, akampeleka ng'ambo ya mto kwa bibi yake, kisha akaenda kazini.

Bibi huyo, Eufelia, alimzaa Amadeo, mume wa Delfina. Amadeo alifariki gari lake lilipopinduka mlimani, Noemi akiwa bado hajaanza shule. Alikuwa mwana pekee wa Eufelia. Tangu hapo wanawake hao wawili walimlea mtoto mmoja, kila mmoja upande wake wa mto.

Mwanzoni Delfina alishukuru. Baadaye shukrani ile ikaanza kuchacha. Noemi alirudi nyumbani akisema supu ya bibi ni tamu zaidi. Alisali kwa maneno ya bibi. Alikunja nguo kama bibi. Siku moja alianguka uani akachubuka goti. Delfina alimkimbilia, mikono wazi. Mtoto akamsukuma, akalia, "Namtaka Bibi!"

Delfina aliosha goti lile kimya kimya. Kidonda cha Noemi kilipona baada ya siku chache. Cha Delfina hakikupona.

Ng'ambo ya mto nako mambo hayakuwa shwari. Watu wa mji wetu wana midomo, na midomo hiyo ilimfikishia Eufelia habari kwamba mkwewe ameonekana dansini na mwanamume wa kijiji cha pili. Eufelia hakumuuliza Delfina. Lakini moyo ulichemka. Alianza kumwambia Noemi kwamba mama yake ni mtu wa kazi tu, na kwamba yeye bibi ndiye anayemlea hasa.

Jumapili moja Noemi alirudi na vipuli masikioni. Delfina alivuka mto palepale.

"Mama, nani kakuruhusu kumtoga mtoto wangu masikio?"

"Ruhusa ya nini? Huyu ni damu yangu," Eufelia alisema, akiendelea kuchambua maharage. "Na yametogwa vizuri. Hayana usaha."

"Sikuuliza kama yametogwa vizuri. Nimeuliza nani kakuruhusu."

"Mwenye haki ya kuniruhusu yuko makaburini. Wewe una haraka ya kumsahau. Mimi sina."

Delfina aliondoka bila kuaga. Juma hilohilo aliomba kubadilishiwa zamu kazini. Kisha akamtumia mama mkwe ujumbe: kuanzia sasa utamwona Noemi Jumapili moja kwa mwezi, nyumbani kwangu, nami nikiwepo. Kila aliyemuuliza alimwambia ni kwa sababu ya masikio. Hakumwambia mtu habari ya goti.

Eufelia alikwenda mahakamani. Jimbo letu la New Mexico lina sheria inayomruhusu bibi au babu kuomba kumwona mjukuu, hasa mzazi mmoja anapofariki. Aliomba apewe Noemi kila mwisho wa juma, na nusu ya likizo zote.

Wito wa mahakama ulipofika, Delfina aliingiwa na hofu. Aliona mtoto wake atagawanywa kama shamba la urithi. Alikwenda kwa jirani yake, Isaura Baca. Isaura alikuwa wakili, na siku za Jumatano alikaa katika maktaba ya mji kuwashauri watu bila malipo. Delfina hakusubiri Jumatano. Alimkuta akimwagilia nyanya zake, akamweleza yote.

"Jaji atalinganisha nyumba zetu," alisema. "Yeye ana bustani, ana kuku, ana muda. Mimi nina chumba cha kupanga na viatu vya kazi."

"Haya si mashindano ya nyumba," Isaura alijibu. "Nijibu mimi. Noemi anakula? Anakwenda shule? Akiugua anatibiwa?"

"Ndiyo, yote."

"Basi wewe ni mzazi anayefaa. Na sheria inaanza kwa kuamini kwamba mzazi anayefaa anamtakia mwanawe mema. Anayetaka uamuzi wako upinduliwe ndiye mwenye kazi ya kuonyesha sababu."

Delfina aliuliza jambo hilo limeandikwa wapi. Isaura alizima maji, wakaketi barazani.

"Ukiisoma Katiba ya nchi yetu, hutaona neno 'mzazi'," alisema. "Lakini inasema serikali isimnyang'anye mtu uhuru wake bila kufuata utaratibu wa haki wa sheria. Mahakama ya juu kabisa ya nchi imeshasema mara nyingi kwamba kumlea mwanao ni sehemu ya uhuru huo. Shule yake, dini yake, watu wa kukaa nao, hayo unaamua wewe. Jaji hawezi kukupindua kwa sababu tu yeye angeamua vingine."

"Kwa hiyo naweza kufanya lolote?"

"Hapana. Ukimtesa au kumtelekeza, serikali itaingia kati, na ni sawa iingie. Na bibi naye atasikilizwa. Lakini jaji lazima alipe neno lako uzito." Isaura akamtazama. "Sasa atakuuliza kwa nini umepunguza siku. Utasema nini?"

Delfina alieleza habari ya vipuli. Isaura alikubali kwamba ni sababu nzuri, kisha akauliza kama ndiyo sababu pekee.

Hatimaye Delfina akasema habari ya goti. "Namwonea wivu," alisema, macho chini. "Namwonea wivu mama mzee aliyefiwa na mwanawe."

Isaura hakucheka wala hakumlaumu. "Sheria haiwezi kukuondolea wivu," alisema. "Itakachofanya ni kukuachia uamuzi. Kuamua vizuri ni kazi yako."

Siku ya kesi Eufelia alivaa gauni lake la kanisani. Aliiambia mahakama kwamba amemwogesha mtoto huyo, amemlisha, amemfundisha sala. Alisema Noemi ana uso wa Amadeo, na kwamba kumnyima uso huo ni kumzika mwanawe mara ya pili. Wengi ukumbini walifuta machozi.

Jaji alimuuliza kama mkwewe amemkataza kabisa kumwona mtoto. Akajibu hapana, anamwona mara moja kwa mwezi. Kisha jaji akamuuliza kama Delfina ni mama asiyefaa.

Eufelia aligeuka akamtazama mkwewe. Delfina alishika ukingo wa kiti. Alijua ulimi wa mama mkwe. Habari ya dansi ilikuwapo, na habari ya kazi za kila mwisho wa juma. Neno moja la uongo lingetosha kumchafua mbele ya mji mzima.

"Hapana," Eufelia alisema. "Ni mama mzuri. Ndicho kinachoniuma. Angekuwa mbaya, mtoto angekuwa wangu."

Jaji hakuchukua muda mrefu. Alisema anauona upendo wa bibi, lakini hakuna aliyeonyesha kwamba mtoto anadhurika. Uamuzi wa mama ubaki kama ulivyo. Ombi likakataliwa.

Delfina alikuwa ameshinda. Angeweza kupita zake. Nje alimkuta Eufelia ameketi peke yake kwenye ngazi, mkoba mapajani. Alisimama, kisha akaketi kando yake.

"Umekuja kunicheka?" Eufelia aliuliza.

"Hapana, Mama. Nilikuonea wivu. Noemi alipoumia alikulilia wewe, si mimi. Nikakuadhibu."

Mzee alikaa akiutazama mtaa. "Na mimi nilikuonea wivu," alisema. "Wewe unaweza kupata mume mwingine. Mimi sitapata mwana mwingine."

Kisha Delfina akasema atamleta Noemi Jumamosi mbili kila mwezi, naye mwenyewe atakuja kula chakula cha jioni kabla ya kumchukua. Lakini jambo lolote la mwili wake, la dini yake au la shule yake, bibi aulize kwanza.

"Na ukinikatalia?"

"Nitakukatalia. Utanuna. Halafu tutakula."

"Na yule mwanamume wa dansi?"

"Huyo hayumo katika kesi hii, Mama."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, Eufelia alicheka.

Sitasema wivu uliisha siku ile. Hata sasa Noemi akishuka garini humkimbilia bibi yake kama amepotezana naye mwaka mzima, na Delfina huhisi kitu kikimchoma kifuani. Kinachoma, kisha kinaacha.

Jumamosi moja ya vuli alifika mapema. Kabla hajagonga alisikia sauti ya Noemi jikoni. Alitaka kupanda farasi wa jirani.

"Muulize mama yako," Eufelia alisema.

"Mama hayupo. Sema wewe tu, Bibi."

"Mimi ni bibi. Una mama. Tutamsubiri."

Delfina alisimama mlangoni mpaka alipoweza kuingia bila machozi. Noemi alimrukia, akamshika mkono, akaomba tena. Delfina alimtazama mtoto, kisha akamtazama mzee.

"Mama," aliuliza, "wewe unamjua farasi huyo. Unaonaje?"

Eufelia alifikiri. Alisema farasi ni mpole, lakini afadhali mtu mzima ashike hatamu.

Basi wakatoka wote watatu. Delfina alishika hatamu upande mmoja, Eufelia akashika mguu wa mtoto upande wa pili, asianguke.